Theluji ya Pamba Jijini Kampala

Desemba ikiingia, mtaa wa maduka wa Kikuubo hujaa miti ya plastiki, na vioo vya maduka hubandikwa theluji ya pamba. Theluji gani, katika mji wa ikweta? Mlangoni amesimamishwa mzee wa ndevu nyeupe ndani ya joho zito, jasho linamtiririka, watoto wakimshangilia kuliko Mtoto wa Bethlehemu.

Vitu hivi vina kwao. Mti ni desturi ya Wajerumani. Waingereza wengi waliuiga baada ya gazeti la London kuchapisha, mwaka 1848, picha ya Malkia Victoria na jamaa yake wakiuzunguka. Yule mzee naye asili yake ni Nikolao, askofu wa Myra, katika Uturuki ya leo, aliyesifika kwa kuwapa maskini kwa siri. Siku hizi sanamu yake huwakamua maskini hadharani! Wala Biblia haitaji tarehe ya kuzaliwa kwa Yesu. Kumbukumbu ya kale zaidi ya Krismasi kuadhimishwa 25 Desemba inatoka Roma, mwaka 336, na wataalamu wangali wanavutana kwa nini siku hiyo ikachaguliwa.

Kila watu, basi, waliivika sikukuu mavazi yao. Mwaka 1223, kijijini Greccio, Italia, Fransisko wa Asizi alipotaka kuonyesha kuzaliwa kwa Bwana alitumia nyasi, ng'ombe na punda. Vya pale pale kijijini.

Waganda, watu wenye akili na ukarimu, walifanya vivyo hivyo. Wamisionari Waanglikana walifika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1877, Wakatoliki mwaka 1879, na hakuna aliyekuja na luwombo. Ni wenyeji waliotia kuku katika jani la mgomba, wakapika matoke, wakaita majirani baada ya ibada. Usiache mbachao kwa msala upitao. Leo baba anakopa anunue taa za kumetameta, na Februari shule zikifunguliwa mtoto anarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Kukopa harusi, kulipa matanga!

Si wenye maduka tu wanaowakamua maskini. Na wenye mabasi je? Wengi wao ni waumini, viti vya mbele kanisani ni vyao. Lakini wiki ya Krismasi nauli ya kwenda kijijini inapaa, na mama mwenye watoto watatu anabaki kituoni na mizigo yake. Basi ni lile lile, barabara ni ile ile. Wamtoze nauli ya Novemba, akale sikukuu na wazazi wake.