Nakala Kwanza, Kipuri Baadaye

Mashine ya kukereza chuma iliyotunzwa vizuri huweza kufanya kazi kwa miaka 30 au zaidi. Mwili wake ni chuma kizito, mota yake ikiungua husukwa upya, na gia ikivunjika hupatikana fundi wa kuchonga nyingine. Hata hivyo, mashine hiyo hiyo huweza kusimama asubuhi moja, na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, kwa sababu ya kijisehemu kisichozidi ukubwa wa kiberiti. Kijisehemu hicho ni kifaa cha kumbukumbu cha kompyuta iliyojengwa ndani ya mashine. Humo ndimo zinamohifadhiwa amri ziiambiazo mashine ifanye nini, lini na kwa kadiri gani.

Desturi ya mahali pengi ni kungoja kifaa hicho kife, kisha kutafuta kingine madukani. Desturi hiyo ni kosa, na chanzo chake ni kutotofautisha vitu viwili: chombo, na kile kilichoandikwa ndani ya chombo. Chombo ni kipuri, nacho hununuliwa. Maandishi si kipuri. Yakipotea, pengine hayapatikani kwa fedha yoyote, kwa maana kampuni iliyoyaandika huenda imekwisha kufungwa, au imeacha kuzihudumia mashine za aina hiyo.

Mfano ulio wazi unapatikana katika jiji la San Francisco, nchini Marekani. Treni za umeme za jiji hilo, zikiingia katika njia ya chini ya ardhi, huongozwa na kompyuta. Mfumo huo ulipoanza kazi mwaka 1998, programu zake ziliwekwa katika diski laini za inchi 5.25, yaani flopi, ambazo zilipaswa kusomwa na kompyuta kila asubuhi. Mwaka 2024 diski hizo zilikuwa bado zatumika. Diski ya namna hiyo ni bamba jembamba la plastiki lililopakwa chembechembe za sumaku. Kila isomwapo husuguana na kichwa cha kusomea, hivyo hulika kidogo kidogo kama kanda ya muziki. Kupata diski nyingine kumekuwa kugumu mwaka hata mwaka. Hata zile ndogo za inchi 3.5 zilizokuja baadaye, kampuni ya Sony iliacha kuziuza nchini Japani mwaka 2011. Mwezi Oktoba 2024 wakuu wa usafiri wa jiji waliidhinisha mkataba wa dola milioni 212 ili kuweka mfumo mpya wa kuongozea treni.

Wapo watakaosema kwamba hilo ndilo jibu: kikongwe kitupwe, kipya kinunuliwe. Kwa San Francisco uamuzi huo una haki, maana si diski tu zilizochakaa, bali na nyaya za mawasiliano pia. Lakini mfumo wa aina hiyo haubadilishwi kwa siku moja. Kazi huchukua miaka, na katika miaka hiyo abiria hawana budi kusafirishwa kwa mfumo wa zamani. Isitoshe, si kila kiwanda chenye mamilioni ya dola. Kwa kiwanda kidogo chenye mashine nzima na kumbukumbu mbovu, kuitupa mashine ni sawa na kubomoa nyumba kwa sababu ufunguo umepotea.

Wala haifai kudhaniwa kwamba maradhi haya ni ya diski za sumaku peke yake. Kumbukumbu za kisasa za flashi hazina kitu kinachozunguka, lakini nazo huchakaa. Ndani yake kila alama huhifadhiwa kwa kufungia elektroni katika kijumba kidogo kilichozungushiwa kihami cha umeme. Kila alama inapofutwa na kuandikwa upya, kihami huumia kidogo. Aina zilizo imara hustahimili mara 100,000 hivi. Aina za bei nafuu hustahimili elfu chache tu. Zaidi ya hayo, elektroni huvuja polepole hata kifaa kikiwa kimewekwa kabatini, na joto huzidisha uvujaji huo. Mwaka 2021 kampuni ya Tesla iliyaita magari yapatayo 135,000 nchini Marekani yarekebishwe, kwa kuwa kumbukumbu zake za gigabaiti 8 zilikuwa zikichoka kwa kuandikwa mno. Yalikuwa magari ya miaka michache tu.

Hata kipuri kinapopatikana, mambo hayajaisha. Haitoshi kiingie tundu lake. Ni lazima volti zake zilingane, na mashine iweze kukielewa. Kadi za CompactFlash, zilizotolewa mwaka 1994, zimewafaa mafundi wengi kwa sababu huweza kuzungumza lugha ile ile ya diski kuu za zamani, hivyo adapta ndogo hutosha kuziunganisha. Lakini kompyuta nyingi za zamani haziwezi kuhesabu kupita silinda 1024, vichwa 16 na sekta 63, kila sekta ikiwa na baiti 512. Mwanafunzi akizidisha tarakimu hizo atapata baiti 528,482,304. Kadi ya gigabaiti 32 ikitiwa katika kompyuta ya namna hiyo, huenda isitambuliwe kabisa. Basi kilicho kikubwa zaidi si lazima kiwe bora zaidi.

Kwa hiyo kanuni ifaayo ni hii: nakala kwanza, kipuri baadaye. Nakala ichukuliwe mashine ingali nzima. Iwe nakala ya kila baiti tangu ya kwanza hadi ya mwisho, kwa sababu amri za kuiamsha kompyuta hukaa mahali pasipoonekana katika orodha ya mafaili. Nakala hiyo itiwe katika kipuri, kipuri kijaribiwe ndani ya mashine yenyewe, kisha kihifadhiwe pamoja na maelezo yaliyoandikwa kwa lugha wanayoisoma mafundi. Nakala nyingine ikae katika jengo jingine. Na wanunuzi wa mitambo, iwe mipya au iliyokwisha kutumika, wadai haki ya kunakili kabla ya kutia sahihi. Baada ya malipo, muuzaji hana haraka tena.

Shule nazo zina sehemu yao. Mwanafunzi afundishwaye kutumia kompyuta bila kufundishwa kwamba kumbukumbu huzeeka, amefundishwa nusu ya somo.

Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Walisema kweli, kwa kuwa katika zama zao ujuzi ulikaa kichwani mwa mhunzi, na koleo lilikuwa chuma tu. Katika mitambo ya leo sehemu kubwa ya ujuzi imetiwa ndani ya koleo lenyewe. Likivunjika kabla ya kunakiliwa, uhunzi nao waweza kuondoka pamoja nalo.