Umeme wa Jua Nao Huunguza

Wako watu wengi, na miongoni mwao wasomi, wanaoamini kwamba umeme wa jua ni umeme mpole. Husema kuwa betri ni ya volti 12 tu, na ukizigusa ncha zake kwa mikono miwili huhisi kitu. Basi ya nini kutumia fedha kununua fyuzi na swichi za kujikata? Kwa imani hiyo, karakana za shule, mabanda ya kuku na vyumba vya pampu vilivyo mbali na nguzo za umeme huungwa waya moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi kwenye taa. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba imani hiyo ni nusu ya ukweli, na kwamba nusu iliyosahauliwa ndiyo iunguzayo.

Ni kweli kwamba volti 12 kwa kawaida haziwezi kusukuma mkondo wa kudhuru kupitia ngozi kavu ya mtu, kwa kuwa ukinzani wa ngozi ni mkubwa. Lakini waya wa shaba si ngozi. Kanuni aliyoitangaza Georg Simon Ohm mwaka 1827 yatuambia kwamba mkondo ni volteji ikigawanywa kwa ukinzani. Tuchukue betri ambayo ukinzani wake wa ndani, pamoja na ule wa waya uliopiga shoti, ni omu 0.02. Gawanya 12 kwa 0.02, utapata ampea 600. Zidisha ampea hizo kwa volti 12, utapata wati 7,200, yaani joto la majiko saba ya umeme ya wati 1,000 na zaidi, lililokusanywa ndani ya betri moja na waya mmoja. Plastiki ya waya huyeyuka na kushika moto, na banda la mbao au la makuti halihitaji kichocheo kingine.

Yafaa wanafunzi waelewe pia hatari hiyo yatoka wapi. Paneli ya jua ikipigwa shoti hutoa mkondo uliozidi kidogo tu ule wa kazi yake ya kila siku. Betri ndiyo ghala, nayo humwaga akiba yake yote mara ipatapo njia. Kwa hiyo fyuzi kuu sharti iwekwe kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, umbali usiozidi shibiri moja. Kipande chote cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Fyuzi iliyo mwisho wa chumba hulinda taa na kuuacha waya uungue.

Toka kwenye fyuzi kuu, umeme uende kwenye swichi kuu, kisha kwenye kisanduku chenye swichi za kujikata, ambazo mafundi huziita breka. Kila kazi iwe na breka yake: taa mbali, soketi mbali, pampu mbali. Hivyo, hitilafu ya pampu haitawatia wanafunzi gizani. Ikumbukwe kwamba breka huwekwa ili kulinda waya, wala si kulinda chombo. Waya unaoweza kubeba ampea 15 bila kupata moto usipewe breka ya ampea 30, kwani waya huo utaungua kabla breka haijakatika. Kisanduku kisiwekwe juu ya betri ya risasi na asidi, maana betri hiyo ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na swichi hutoa cheche.

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuchukua breka ya umeme wa majumbani na kuifunga kwenye umeme wa betri. Umeme wa majumbani ni mkondo geu wa mizunguko 50 kwa sekunde. Hivyo hufika sufuri mara 100 katika kila sekunde, na cheche izukayo breka inapofunguka hupata nafasi ya kuzimika. Mkondo wa betri huelekea upande mmoja tu wala haufiki sufuri wenyewe. Cheche yake yaweza kuendelea kuwaka ndani ya breka hata ikaiyeyusha, hasa pale paneli au betri zilipoungwa kwa mfululizo na kuongeza volteji. Tusome basi maandishi yaliyo juu ya breka: iwe imetengenezwa kwa mkondo wa upande mmoja na kwa volteji isiyopungua ile ya mtambo wetu, na ikiwa ina alama za chanya na hasi, zifuatwe.

Wapo watakaosema kwamba vifaa hivi ni ghali kwa shule zetu. Nawajibu kwamba fyuzi ni kifaa cha bei ndogo kabisa katika mtambo mzima, na kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Kilicho ghali ni ujinga. Huo ndio unaomfanya mtu aondoe fyuzi iliyokatika na kuweka msumari mahali pake, badala ya kuuliza kwa nini imekatika.

Dawa ya ujinga huo imo mikononi mwa walimu wa fizikia. Wanafunzi na wapime wenyewe. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa takriban omu 0.0115 kwa kila mita. Taa na pampu zikiwa mita 10 kutoka kwenye betri, umeme husafiri mita 20 kwenda na kurudi. Ukinzani ni omu 0.23, na mkondo wa ampea 10 hupoteza volti 2.3 njiani. Karibu sehemu moja kwa tano ya umeme wa betri imepotea kwa kupasha waya moto! Waya wa milimita za mraba 6 ungepoteza volti 0.6 hivi tu. Hesabu hii ni fupi, nayo humfunza mwanafunzi kanuni ya Ohm kuliko mazoezi kumi ya ubaoni.

Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, ilitaka elimu isitengwe na kazi. Shule yenye paneli darini imekwisha kupata maabara. Kila shule ya namna hiyo na iwaagize wanafunzi wachore mchoro wa mtambo wao, waandike ukubwa wa kila waya na kila fyuzi, na kuubandika mlangoni pa banda. Palipokosekana fyuzi, mchoro utaonyesha pengo hilo kabla moto haujalionyesha.