Nairobi na New York: Maili ni Zile Zile, Saa Si Zile Zile

Kutoka Nairobi mpaka New York, kwa njia ya angani iliyo fupi kuliko zote, ni yapata maili 7,350, yaani kilomita 11,800. Mwezi wa Septemba 1959, vijana 81 waliokwenda kusoma Marekani kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake walivuka masafa hayo kwa ndege ya kukodi. Zama zile hapakuwa na ndege ya abiria iwezayo kwenda mbali hivyo pasipo kutua njiani na kutia mafuta. Tarehe 28 Oktoba 2018, shirika la Kenya Airways lilianza safari isiyo na kituo baina ya miji hiyo miwili: kwenda ni kama saa 15, na kurudi kama saa 14.

Mbona kurudi ni upesi, na maili ni zile zile? Sababu ni upepo. Huko juu sana zirukako ndege kubwa, upo upepo wa nguvu uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege iendayo Marekani hushindana nao. Ndege irudiyo husukumwa nao, kama jahazi lililopata tanga.

Lakini liwatatizalo wengi si upepo, bali ni saa ya ukutani. Jua huchomoza Nairobi kabla ya kuchomoza New York. Kwa hiyo saa za New York ziko nyuma ya zetu kwa saa 8. Na katika miezi ya joto, watu wa huko wasogezapo saa zao mbele, kwa saa 7.

Tuseme ni mwezi wa Januari, na ndege imeondoka Nairobi saa sita kamili za usiku. Baada ya saa 15 itatua New York, na saa ya huko itaonyesha saa moja asubuhi. Abiria atadhani amesafiri saa 7 tu. Akirudi, akiondoka huko saa sita za mchana, atafika Nairobi kesho yake saa nne asubuhi. Atadhani amesafiri saa 22, kumbe ni 14 tu.

Tena tiketi huandikwa kwa hesabu ya saa 24 ianzayo usiku wa manane, na saa zilizomo ni za mji wa kuondokea na za mji wa kufikia, kila mmoja kwa saa zake. Tiketi isemayo Jumanne 00.10 maana yake ni saa sita na dakika kumi, usiku wa kuamkia Jumanne. Mzee aliyeuza ng'ombe wawili kumlipia mwanawe nauli, akimfikisha uwanjani Jumanne jioni, ataambiwa kwamba ndege iliondoka tangu usiku uliopita. Hasara hiyo haikuletwa na umbali wala upepo, ila na hesabu.

Basi mwenye safari na aulize mambo matatu kabla ya kutoka kwake: ndege yaondoka usiku wa kuamkia siku gani, itakaa angani saa ngapi, na huko iendako, itakapotua, itakuwa saa ngapi na tarehe gani. Kisha awaandikie jamaa watakaompokea. Kuuliza si ujinga.