Mteja asiye na mifugo si faida

KATIKA biashara, bidhaa inapokwisha rafuni mwenye duka hufurahi. Hata hivyo, si kila mauzo ya kasi ni habari njema. Hilo lilijidhihirisha Marekani mwaka 2021, pale ivamektini, dawa ya minyoo ya farasi na ng'ombe, ilipogeuka ghafla kuwa bidhaa adimu. Wengi wa wanunuzi wapya hawakuwa na farasi wala ng'ombe. Walikuwa wakiimeza wenyewe, wakiamini inatibu UVIKO-19.

Dawa yenyewe si ya kubeza. Iliingia sokoni kwa ajili ya mifugo mwaka 1981, na tangu 1987 kampuni ya Merck imekuwa ikitoa bure vidonge vyake vya binadamu kupambana na usubi, ugonjwa unaopofusha, ambao wakazi wa Mahenge hapa Tanzania wanaufahamu vyema.

Tatizo liko kwenye kipimo. Bomba moja la dawa ya farasi, lenye gramu 6 hivi, lina takriban miligramu 113 za ivamektini, kiasi cha kumtosha farasi wa kilo 560 na ushei. Mtu wa kilo 70 anayetibiwa minyoo hupewa miligramu 14 hivi. Kwa maana hiyo, bomba moja ni dozi ya watu wanane. Anayezidisha huweza kutapika, kushuka shinikizo la damu, kuchanganyikiwa, kupata degedege na hata kufa.

Kilichowavuta watu ni urahisi: dawa ya farasi ilipatikana dukani bila cheti cha daktari. Agosti 2021 idara ya afya ya jimbo la Mississippi ilitangaza kuwa angalau asilimia 70 ya simu za karibuni kuhusu ivamektini katika kituo chake cha sumu zilitokana na watu kumeza dawa za mifugo.

Wawekezaji wadogo wazingatie jambo moja. Merck, ambayo ingefurahia soko jipya, ilitamka Februari 2021 kuwa haikuona ushahidi wa maana kwamba dawa hiyo inatibu UVIKO-19. Majaribio makubwa ya mwaka 2022 nayo hayakuonyesha nafuu. Mwenye mali anapokataa kuisifu mali yake, anayekimbilia kuilangua anacheza kamari.

Wapo wafanyabiashara waliosimama imara. Duka moja la Las Vegas lilimtaka mnunuzi aonyeshe picha yake akiwa na farasi wake. Wengine waliweza kucheka, lakini mwenye duka alilinda mambo mawili: uhai wa mteja na akiba ya dawa kwa wafugaji wake wa kila siku.

Wenye maduka ya pembejeo za mifugo nchini wana la kujifunza. Dawa ziwekwe nyuma ya kaunta. Muuzaji aulize ni mnyama gani, ana uzito gani. Anayejibu kwa kusitasita aelekezwe zahanati. Mauzo ya chupa moja yatapotea siku hiyo, ni kweli. Lakini homa ya soko hupita, na ikishapita anayebaki ni mfugaji anayerudi kila msimu. Huyo akikosa dawa ya ng'ombe wake kwa sababu imelanguliwa na wasio na mifugo, atatafuta duka jingine, na hana sababu ya kurudi.