TUSIZING'OE NYASI ZOTE
Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo nataka kuzungumzia ufa ulioko katika malisho yetu hapa Kinangop.

Sisi tunaoishi huku, zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, tunazijua vyema zile nyasi ndefu ngumu zinazomea kwa mafungu. Fungu hapa, fungu pale, na katikati nyasi fupi au udongo mtupu. Wataalamu huziita Eleusine jaegeri, na ni jamaa ya wimbi. Ng'ombe hawazipendi kwa sababu ya ugumu wake. Basi watu wengi huona ni takataka tu. Huzichoma au kuzing'oa ili wapande viazi na kabeji.

Hata mimi nilikuwa na maoni hayo. Likizo ya Aprili, baba alinituma ning'oe mafungu yaliyobaki kwenye mteremko wa shamba letu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha sana. Nilipochimba chini ya fungu la kwanza nilipata udongo mweusi, laini, wenye unyevu na nyungunyungu tele. Hatua tatu kutoka hapo, mahali palipokuwa wazi, jembe liligonga kama limegonga sakafu! Juu palikuwa na gamba gumu, na maji yalikuwa yamepita juu juu bila kuingia ndani. Shamba ni lile lile, mvua ni ile ile. Kwa nini?

Jibu ni rahisi. Majani makavu huanguka chini ya fungu yakaoza polepole kwa ajili ya baridi, yakawa mbolea. Mizizi hupasua udongo na kuyafungulia maji njia. Majani mabichi nayo hupunguza nguvu za matone, hukinga udongo na jua la mchana na jalidi, yaani ule umande unaoganda usiku. Lakini palipo uchi, matone huupiga udongo moja kwa moja, kwato za mifugo huushindilia, na maji hutiririka yakiuchukua. Fungu lililo chini kwenye mteremko ndilo linalounasa. Sasa ukiling'oa, utanaswa na nani? Huko juu kabisa Mlima Kenya mambo ni mabaya zaidi: usiku barafu nyembamba kama sindano huuinua udongo ulio uchi, na jua likichomoza barafu huyeyuka, udongo ukaporomoka.

Najua wengine wataniuliza, "Wewe kijana, karo yako inatoka wapi? Si kwa viazi?" Kweli kabisa. Viazi ndivyo vilivyoninunulia sare hii niliyovaa. Wala sisemi tusilime. Lakini hapa kwetu, chini ya udongo mweusi kuna udongo wa mfinyanzi ambao haupitishi maji upesi. Udongo wa juu ukiisha, viazi vitaota wapi? Karo ya mdogo wangu aliye darasa la tano itatoka wapi? Tena udongo huo haupotei hewani. Unaingia mitoni, na mito ya huku ndiyo inayojaza bwawa la Sasumua, ambalo limekuwa likiwapelekea watu wa Nairobi maji tangu miaka ya 1950.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, anayelima mteremko aache mistari ya mafungu ikikatiza mteremko, si kushuka nao. Pili, tuache kuchoma malisho yote kwa mara moja. Tatu, wakati wa mvua nyingi tusilishe ng'ombe mahali pamoja kila siku, maana udongo uliolowa hushindiliwa haraka.

Siku ile nilimwita baba akaja kuona mashimo yangu mawili. Alishika udongo wa hapa, akashika wa pale, akanyamaza. Kisha akasema, "Haya, tuache mistari miwili msimu huu, tuone." Sehemu iliyobaki tuliing'oa, siwezi kuwaficha.

Wenzangu, ukifika nyumbani leo chukua jembe uchimbe mahali pawili kama mimi, kisha uwaite wazazi waone. Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Hapa naweka kalamu chini.