Ufa unapimika, majibu yabandikwe mlangoni

WEWE kijana unayebeba mizigo Kariakoo, unayepiga zege kwa ujira wa siku, unayeuza simu chini ya ghorofa la mtu, tunasema nawe. Jengo likianguka, mwenye jengo mara nyingi yuko kwake. Aliye chini ya kifusi ni wewe.

Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, ikawa zamu ya Kariakoo. Zaidi ya watu 20 wakafa. Wakubwa walifika, tume ikaundwa. Je, wewe umewahi kuonyeshwa karatasi ya vipimo vya jengo unalofanyia kazi?

Usikubali kuambiwa kuwa ufa wa ndani haujulikani. Huo ni ubabaishaji. Zege hutobolewa, kikatolewa kipande cha mviringo. Kipande huingizwa kwenye eksirei ya CT, ndugu ya ile ya hospitali iliyompima mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971. Hupigwa picha mamia kutoka kila upande, kompyuta ikaziunganisha kuwa picha moja yenye urefu, upana na kina. Hapo yanaonekana matundu ya hewa, na nyufa nyembamba kuliko unywele, hasa pale saruji iliposhindwa kuishika kokoto.

Tuseme kweli: mashine hiyo haimezi ghorofa. Kipande kikiwa kikubwa, ufa mwembamba hupotea machoni pake. Tena nyufa ndogo zimo hata katika zege zuri. Za kuogopwa ni zile zinazokua na kuungana. Lakini hata asiye na CT anaweza kuponda boksi la zege la siku 28 akajua nguvu yake. Kipimo kipo. Kinachokosekana ni uwazi, maana hakuna eksirei inayoonyesha kitu kidogo kilichopita chini ya meza ya kibali.

Kwa hiyo tunadai: kila ghorofa lipimwe na mtu asiyelipwa na mkandarasi. Majibu yabandikwe mlangoni, kwa Kiswahili, na jina la mhandisi chini yake. Nawe kijana, kabla hujalipia fremu, dai karatasi hiyo. Ukinyimwa, uliza wanaficha nini.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa maghorofa haya, usipoziba ufa utachimba makaburi.