Redio isizimwe kila mvua inaponyesha

Ngurumo zikianza, redio nyingi ndogo za Kivu hukata matangazo. Fundi anachomoa kebo ya antena, na msikilizaji anabaki na mkwaruzo mpaka mbingu itulie. Hatumlaumu. Kabare, karibu na Bukavu, ni kati ya pahali panapopigwa na radi zaidi duniani: hesabu za satelaiti zilizotolewa mwaka 2016 zilionyesha miale zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka.

Lakini mvua ndiyo saa ya kuhitaji redio. Tarehe 4 Mei 2023, maji na mawe viliangukia wakaaji wa Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe, na watu zaidi ya 400 wakafa. Kituo kilichozimwa hakiwezi kumwonya mtu yeyote.

Mlingoti unapaswa kuungwa na udongo kwa waya mnene wa shaba, mfupi, usio na kona kali, mpaka kwenye vyuma vilivyopigiliwa ardhini. Chuma kimoja hakitoshi, hasa Goma, ambako mawe ya volkano hayapitishi umeme vizuri. Huko vipigwe vingi, viachane, kisha viungwe pamoja. Kosa baya zaidi ni mlingoti kuwa na waya wake wa udongo, jenereta na wake, studio na wake. Radi ikipiga, umeme unatafuta njia kati ya nyaya hizo, na njia yenyewe ni mashine zenu. Ziungwe zote. Ganda la kebo ya antena nalo liungwe kabla ya kuingia nyumbani, na kizuia radi kiwekwe hapo.

Wapo wanaoahidi kwamba hivyo FM itafika mbali zaidi. Si kweli. Hiyo ni faida ya masafa ya kati, ambako nyaya zilizozikwa ni kama nusu ya antena. Kwa FM, mtapata sauti isiyo na mvumo wa jenereta, na mtambo unaodumu.

Wafadhili wanaolipia mtambo na kompyuta walipie na shaba ya kuzika. Na mtambo ukiungua, asitafutwe mzee wa jirani aliyetuma radi. Uulizwe kwanza waya uko wapi. Mafundi wapime mwezi wa Julai, udongo ukiwa mkavu kabisa. Kipimo kikizidi omu 10, waongeze vyuma kabla ya mvua za Septemba.